Bila Kuchokozwa

Mbwa aliniuma siku ya Jumapili, saa sita kasoro robo mchana, nikiwa bado nimevaa suti ya kanisani, na kabla damu haijakauka kwenye mkono wa shati nilikuwa nimekwisha kuandika barua. Ndivyo nilivyolelewa. Mkataba wa chama cha kuwatafutia makao mbwa wa mbio waliostaafu, ambacho ndicho kilichotukabidhi mbwa yule, ulisema kwamba tukio lolote la kuumwa litaarifiwa katika muda wa siku moja, nami sijapata kuchelewesha taarifa tangu nilipokabidhiwa shule ya kijiji chetu, hapa Tipperary, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Niliandika sentensi tatu. Ya tatu ilisema: "Mbwa ameuma bila kuchokozwa." Nikatia saini, Colman Lenihan, Mwalimu Mkuu mstaafu, nikaenda mwenyewe hadi kwenye sanduku la posta, mkono umefungwa kitambaa cha kukaushia vyombo.

Niliporudi, mjukuu wangu Muireann alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la uuguzi halijavuliwa.

"Umeandika nini, Babu?"

"Ukweli."

"Nisomee huo ukweli."

Nilikuwa nimebaki na nakala, maana huwa nabaki na nakala. Nikamsomea. Nilipofika kwenye sentensi ya tatu akafumba macho.

"Bila kuchokozwa," akasema. "Unajua maneno hayo yana maana gani kwa chama? Mbwa wa mbio aliyeuma bila kuchokozwa hapewi mtu mwingine. Anarudishwa, anachomwa sindano, basi. Umemwandikia hukumu ya kifo, Babu. Na mwandiko wako ulivyo mzuri!"

"Binti, ameniuma. Au huoni?"

"Naona. Nimeona pia ulichokuwa unafanya kabla hajakuuma."

Sikupenda sauti ile. Miaka arobaini na miwili ya ualimu hakuna aliyenisemesha hivyo, sembuse chini ya paa langu mwenyewe. Nikamwambia aende akavue koti lake. Hakwenda.

Muireann alihamia kwangu mke wangu alipofariki. Alikuja kukaa wiki moja na sasa ni mwaka wa nne. Anafanya kazi ya zamu hospitalini, na majira ya kuchipua aliniomba ruhusa ya kumchukua mbwa mmoja kati ya wale wa mbio waliostaafishwa. Nilikubali kwa sharti kwamba mnyama atalala bandani, na sharti hilo halikumaliza hata siku mbili.

Jina lake Linnet. Ana rangi ya moshi, kiuno chembamba kama cha nyigu, na herufi zilizochanjwa ndani ya masikio kama mali ya serikali. Alikuwa amekaa miaka minne kwenye kibanda cha zege, hajui nyumba ni nini. Alisimama mbele ya ngazi kama mtu aliyefikishwa mbele ya ukuta. Mlango wa kioo wa jiko ulimtisha kwa sababu ndani yake kulikuwa na mbwa. Analala macho wazi, hata huwezi kujua kama umemkuta macho au usingizini, na akikuzoea husimama kando yako na kukuegemea kwa uzito wake wote, mpaka unatafuta ukuta wa kushika.

Aliyemfuga na kumkimbiza ni Murt Cusack, ambaye nilimfundisha mimi kusoma, na ambaye kanisani hukaa benchi lililo nyuma yangu. Kabla Muireann hajatia saini nilimwuliza Murt nje ya kanisa, kwenye ukuta wa mawe ambapo wanaume husimama baada ya Misa kuzungumza habari za mbwa na za mechi.

"Ana kasoro yoyote?"

"Hata moja, Mwalimu. Mbio zimemchosha tu. Ana kiburi kidogo. Ukimwambia hivi, anafanya vile."

Kwenye fomu ya chama, mbele ya neno "majeraha", Murt alikuwa ameandika "hakuna". Nikamwambia mjukuu wangu kwamba neno la mtu yule linatosha. Nililisema hilo kwa kinywa changu.

Muireann akaanza kumfundisha. Hakutumia sauti wala kamba. Alinunua kidude cha plastiki kinachoenea kwenye kiganja, chenye ulimi wa bati ndani yake; ukikibonyeza kinalia tak! kama kijiti kikavu kinachovunjika. Siku ya kwanza alikaa sakafuni na bakuli la jibini, akawa anabonyeza na kutoa kipande, anabonyeza na kutoa kipande, bila kumwomba mbwa chochote. Nikamwuliza kama hii ndiyo elimu ya siku hizi, kumlipa mwanafunzi kwa kuhudhuria.

"Anajifunza maana ya sauti, Babu. Mlio maana yake ni: hicho ulichofanya sasa hivi, hichohicho, nimekipenda, na chakula kinakuja. Sheria ni moja. Kila mlio, kipande. Hata ukibonyeza kwa makosa, unalipa. Sauti hii haidanganyi hata mara moja."

Sheria hiyo niliipenda, nakiri. Katika muda wa wiki mbili Linnet alikuwa anagusa kiganja kwa pua akiombwa, anapanda ngazi tatu za kwanza, anatumbukiza mdomo mwenyewe ndani ya kikapu cha ngozi cha kuzuia kuuma. Kila kitu kidogo, tak! na jibini. Sikuwahi kumwona akifokewa.

Basi na mimi nikakichukua kile kidude. Nilikitumia kumwita kutoka bustanini. Nilikitumia kumnyamazisha alipombwekea mleta barua. Siku moja nilikibonyeza mara tatu chini ya ngazi ili Muireann ashuke anywe chai.

"Babu! Hiyo si kengele ya shule!"

"Umeshuka, hukushuka?"

Akacheka siku hiyo. Mimi nilidhani nimeelewa.

Jambo moja lilinikera. Mbwa yule hakukaa. Alisimama au alilala, kati ya hayo mawili hapakuwa na kitu. Mimi nimefundisha watoto wa kijiji hiki, wazazi wao, na wachache kati ya babu zao, na somo la kwanza kwa kila mmoja lilikuwa kukaa. Muireann alinieleza kwamba mbwa wa mbio wana misuli mikubwa ya mapaja na wengi wao hawapendi kukaa. Nilisikia udhuru. Nimesikia udhuru wa kila aina maishani mwangu. Na Murt alikuwa amekwisha kunipa jina la udhuru ule, kiburi.

Kwa hiyo, wiki ile Muireann alipokuwa na zamu nyingi hospitalini, nilimfundisha mwenyewe. Nilisema "Kaa," nikaweka kiganja juu ya nyonga, nikakandamiza, na alipoinama nikabonyeza kidude na kutoa jibini. Siku ya kwanza alijinyonga akatoka chini ya mkono wangu. Siku ya pili alinguruma. Nilimkemea kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, naye akanyamaza, na hakunguruma tena. Nilijipongeza kwa hilo. Siku ya nne aliposikia tak! aliondoka jikoni, akaenda kusimama ukumbini, uso kwenye makoti. Nikasema, naam, kiburi. Na siku ya tano Muireann alirudi kutoka zamu ya usiku wakati mimi narudi kutoka Misa, nikamwita: "Njoo utazame kazi ya mwalimu."

Akatazama. Nilikandamiza. Linnet akageuza shingo, akaniuma kifundo cha mkono, akaachia papo hapo, akarudi nyuma mpaka ukutani, akitetemeka kama nguo iliyoanikwa kwenye upepo.

Hiyo ndiyo historia niliyoifupisha kwa maneno mawili, bila kuchokozwa.

"Alinguruma?" Muireann aliniuliza jikoni, baada ya kusoma nakala. "Kabla ya leo. Hakuwahi kunguruma?"

"Mara moja. Nilimkomesha."

"Ulimkomesha." Akakaa. "Babu, kunguruma ndiyo njia yake ya kukwambia kwa adabu. Ukamwambia afunge mdomo. Sasa alibakiwa na nini?" Kisha akakichukua kile kidude mezani na kukibonyeza mara moja tu. Linnet, aliyekuwa amelala kando ya jiko, aliinuka na kutoka chumbani. Muireann akampelekea jibini ukumbini, kwa sababu mlio ni mlio, lakini mbwa aligeuza uso.

"Umeiharibu," akasema aliporudi. Hakupaza sauti, nami ningependelea apaze. "Kitu kimoja duniani ambacho hakikuwahi kumdanganya, na wewe umekifungia maumivu."

"Maumivu gani? Mkono wangu huu una uzito gani?"

"Hilo ndilo nitakalomwuliza daktari wa mifugo kesho. Na wewe utakuja, Babu, utashika kamba."

Nilishika kamba. Daktari alikuwa mwanamke mkimya mwenye mikono mikubwa. Alimpiga Linnet picha ya eksrei, akaitundika kwenye mwanga, akatuonyesha kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia. Hata mimi niliona. Mfupa ulikuwa umevunjika na kujiunga wenyewe, umepinda, kama uzio uliorekebishwa na mlevi.

"Huu ni mguu unaobeba mzigo wote kwenye kona," akasema. "Ulivunjika mwaka mmoja uliopita, labda zaidi. Hakuna aliyeutengeneza. Na ukitazama hapa, na hapa, utaona kwamba aliendelea kukimbizwa ukiwa umevunjika. Mnyama huyu hawezi kukunja mguu huu akakaa. Mtu akimsukuma chini ni kama kumvunja upya." Akautazama mkono wangu uliofungwa.

Nilitoka pale na hasira ambayo sikuwa nimeibeba tangu ujana. Ilikuwa na sura mbili na sikutaka kuitazama ile sura iliyo karibu. Niliitazama ile ya Murt Cusack.

Jumatano ikaja barua ya chama. Bibi mmoja, Hester Roche, angefika Jumamosi ya wiki inayofuata kumtathmini mbwa na kuamua. Mbwa asipofaa angeondoka naye siku hiyohiyo.

Jumapili baada ya Misa nilikwenda ukutani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na wanaume walikuwa wameinua kola. Murt aliniona kwanza.

"Mwalimu! Huo mkono umefanyaje? Uliuingiza mahali pasipouhusu?"

Wakacheka. Nikawasubiri wamalize, kama nilivyokuwa nikifanya.

"Murt, mguu wa nyuma wa Linnet, wa kulia, ulivunjika lini?"

"Nani kasema ulivunjika?"

"Picha."

"Picha! Siku hizi mbwa wanapigwa picha, jamani. Kesho mtampeleka kwa daktari wa meno."

"Alishapelekwa. Aling'olewa manne, yameoza mikononi mwako. Nimekuuliza mguu."

Akakuna shingo. "Aliteguka kwenye kona, mwezi wa tano mwaka jana. Wote huteguka. Nikamfunga bendeji, akapumzika wiki tatu, akarudi akakimbia vizuri tu."

"Akawa wa ngapi?"

Akaivuta kola yake juu zaidi.

"Murt. Akawa wa ngapi?"

"Wa sita."

"Kati ya mbwa wangapi?"

"Sita," akasema mtu mwingine pembeni, na safari hii waliocheka walicheka kwa kuangalia chini.

Nikatoa karatasi na kalamu mfukoni. "Andika hayo uliyoyasema. Mistari miwili inatosha. Kwamba aliumia, mwezi na mwaka, na kwamba ulijua. Nitampelekea bibi wa chama, atajua kwamba mbwa aliuma kwa maumivu. Ukikataa, mbwa atauawa Jumamosi."

"Ili karatasi hiyo ifike kwa wakubwa wa mbio? Nina mbwa kumi na mmoja na leseni moja, Mwalimu. Siandiki kitu."

"Uliandika 'hakuna'. Kuandika unaweza, nilikufundisha mimi."

Hapo akaja karibu, na uso wake ukawa mwekundu. "Tuseme yote basi, maana kijiji kizima kinajua. Barua ya kumuua mbwa ni ya nani? Mimi sikuandika barua. Na jikoni kwako ni nani aliyekuwa anamkandamiza? Mimi? Eti nilimwambia Mwalimu kwamba ana kiburi! Kwani Mwalimu hana macho? Ulimwuliza mbwa kama anaumwa? Darasani mwetu ulimwuliza nani?"

Manyunyu yaligeuka mvua na hakuna aliyeondoka. Nilitaka kumpiga. Nilikuwa na miaka sabini na minane na mkono mmoja mzima, na nilitaka kumpiga mtu mbele ya kanisa kwa sababu amesema kweli, na kwa sababu ameitumia kweli hiyo kama mtu anayejificha nyuma ya mtoto.

"Nilimkandamiza," nikasema, kwa sauti ya kufika ukuta wa pili. "Siku tano. Alinguruma nikamkemea, aliuma nikamshtaki. Mmesikia wote. Na wewe, Murt, kama nilikukosea darasani, njoo nyumbani kwangu siku yoyote, nitakusikiliza nimesimama. Lakini kosa langu halifuti lako. Chukua kalamu."

Hakuchukua. Akavuta kofia, akaenda kwenye gari lake, na karatasi ikalowa mkononi mwangu.

Jioni ile niliandika barua ya pili kwa chama. Ile ya kwanza ilichukua dakika nne. Hii ilinichukua mpaka chai ikapoa mara mbili. Niliandika kila siku na kilichotendeka siku hiyo, pamoja na ule mngurumo. Mwisho niliandika: "Alichokozwa. Alichokozwa siku tano mfululizo na mwalimu aliyekuwa na hakika." Muireann aliisoma akiwa amesimama, akainama akanibusu kipaji cha uso, akasema, "Hakuna koma moja iliyokosewa, ila bado nimekukasirikia."

"Na mimi pia," nikasema.

Tangu siku ile tuliyotoka kwa daktari tulikuwa tumekwisha kuanza upya. Dawa ya maumivu asubuhi na jioni. Kidude cha plastiki Muireann alikitupa. Kwa sauti ile hapakuwa na kurudi. Badala yake akatafuta kifuniko cha chupa ya jamu, kile chenye kitovu katikati kinachobonyea na kurudi kwa mlio mdogo wa chini. Pok. Linnet hakuwa na ubaya wowote na kifuniko. Jibini nalo lilikuwa limeharibika pamoja na kidude, kwa hiyo tulichemsha maini ya kuku na kuyakata vipande vidogo kama dengu, na nyumba yangu ikanuka kama machinjio.

Mimi sikuruhusiwa kumgusa. Kwanza ilinibidi nijifunze kubonyeza. Muireann alidondosha mpira mezani, nami nilitakiwa nibonyeze kifuniko wakati uleule mpira unapogusa meza, si kabla wala baada.

"Umechelewa, Babu."

"Nimebonyeza ulipogusa."

"Ulibonyeza ulipokwisha kugusa. Mbwa angekuwa amekwisha kufanya jambo jingine, na ungemlipa kwa hilo jingine. Tena."

"Vidole vina baridi yabisi."

"Udhuru," akasema mjukuu wangu bila huruma. "Nimesikia udhuru wa kila aina. Tena!"

Mara themanini. Siku ya pili mara themanini nyingine. Nilikasirika nikatupa kifuniko kwenye sinki, nikaenda kukiokota. Siku ya tatu nilikuwa napata mara nyingi kuliko nilivyokosa, na ndipo akaniruhusu kukaa kwenye kigoda, kiganja wazi juu ya goti, nisiseme neno. Linnet alinitazama kutoka ukumbini kwa dakika kumi. Akaja nusu ya njia. Pok, ini chini sakafuni. Akaja karibu zaidi. Kufikia Ijumaa aliniruhusu kuweka mkono begani, kisha mbavuni, kisha juu ya nyonga kwa muda wa pumzi moja. Chini ya nyonga hatukufika.

Bi Roche alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, mwanamke mfupi ndani ya koti kubwa la mvua. Alikataa chai, na hapa kwetu mtu anayekataa chai amekuja kwa shari. Alikaa mezani na kuzipanga barua zangu mbili ubavu kwa ubavu.

"Ipi ni ya kweli, Bwana Lenihan?"

"Ya pili."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza niliiandika nikiamini."

"Kwa hiyo si uongo?"

"Ni uongo," nikasema. "Kuamini kwangu hakukuubadilisha."

Akaandika kitu. Akaitazama picha ya eksrei, akaniuliza kama aliyemfuga mbwa ametoa maelezo. Nikasema amekataa. Akaandika tena. Kisha akasema, "Nataka kuona mbwa akiguswa. Mguu ule."

"Hatujafika huko," Muireann akasema haraka. "Bi Roche, tumefika nyongani tu. Mkitaka niwaonyeshe—"

"Si wewe, mama. Namwomba babu yako. Yeye ndiye aliyeumwa."

Nikakaa kwenye kigoda. Linnet akaja bila kuitwa, akanigusa kiganja kwa pua. Pok, ini. Begani, pok, ini. Mbavuni. Nyongani. Mkono wangu haukutetemeka na nilijivunia hilo kijinga, kama mtoto. Nikaushusha mkono kuelekea paja.

Linnet aliacha kutafuna. Kutoka ndani kabisa ya kifua chake ulitoka mngurumo mdogo, kama birika linaloanza kupata moto.

"Endelea," akasema Bi Roche.

Nimetembelewa na wakaguzi miaka arobaini na miwili na sijapata kumkatalia hata mmoja. Mkaguzi akisema endelea, mwalimu anaendelea. Nikaondoa mkono.

"Bwana Lenihan, nimesema endelea. Siwezi kujaza fomu nusu."

"Usijaze. Amesema hapana. Nilimsikia kwa kuchelewa mara ya kwanza, sitachelewa mara ya pili kwa ajili ya fomu ya mtu." Nilikuwa nimesimama, sijui nilisimama saa ngapi, na sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, lakini haikumwelekea mbwa. "Kama kwa hilo utamwondoa, andika. Ila uandike pia kwamba aliyekataa ni mimi, jina langu unalo, na mbwa hakumuuma mtu yeyote leo."

Muireann alikuwa ameshika ukingo wa sinki. Linnet alisogea hatua mbili, akalamba pua yake, akatutazama sote watatu kwa zamu.

Bi Roche akafunga kalamu.

"Mbwa nilimwona nilipoingia mlangoni," akasema. "Ana maumivu na ana adabu kuliko wengi ninaowaona. Nilikuja kukuona wewe."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa, niliwaka.

"Umenitega."

"Nimekupima."

"Mimi nimewapima watu maisha yangu yote, bibi, na sikuwahi kumficha mwanafunzi kwamba huu ni mtihani."

"Basi ulipata majibu waliyodhani unayataka. Mbwa anabaki, Bwana Lenihan. Usimkalishe."

Muireann alilia hapo, kwa kelele, akiwa ameinamia sinki, na Linnet akaenda kumwegemea. Mimi nilikuwa nasoma fomu ambayo Bi Roche ameisukuma mbele yangu nitie saini. Nilisoma kila mstari. Kwenye mstari wa majeraha aliandika: mguu wa nyuma wa kulia, mvunjiko wa zamani. Chanzo: hakijulikani.

"Kinajulikana," nikasema.

"Kinajulikana kwako. Mwenye mbwa aliandika 'hakuna', na bila saini yake siwezi kuandika vingine. Anao mbwa wengine?"

"Kumi na mmoja."

Akavaa koti lake. Nikatia saini kwa sababu bila saini mbwa angeondoka, na sijapata kutia saini kitu kwa kinyongo kama kile.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikaa benchi langu, Murt Cusack akakaa lake nyuma yangu, na kwa nusu saa nilisikia pumzi yake kwenye kola yangu. Padri akatuambia tutakiane amani. Watu wakageuka, wakapeana mikono kulia na kushoto. Nami nikageuka. Murt alikuwa amekwisha kuunyoosha mkono wake juu ya mgongo wa benchi, na uso wake ulikuwa na ile nusu tabasamu ya mtu anayetaka mambo yaishe bila kuzungumzwa.

Niliutazama mkono ule mpaka tabasamu likamtoka. Mkewe akamtazama, kisha akanitazama mimi.

"Mbwa amebaki, Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Nimesikia. Si yamekwisha?"

"Kumi na mmoja hawajakwisha," nikamwambia. "Andika kwanza."

Mkono wake ukabaki hapo hewani. Padri alikuwa ananitazama kutoka altareni. Nikageuka mbele, nikafungua kitabu changu cha sala, nikasubiri Misa iendelee.